Tupeane uzoefu: ulipoenda kuangalia samaki kwa miwani na mrija huku kusini, ulilala wapi?

Mwana wa Ligula:
Wakuu habari za jioni. Dada yangu na mumewe wanashuka Mtwara mwezi wa 12 kutoka Dodoma na watoto wawili, mkubwa ana miaka 11, na shemeji kashasema safari hii hataki kukaa ufukweni kula pweza tu, anataka snokeli, ile ya kuvaa miwani na mrija unaelea unaangalia chini. Mimi mzaliwa wa hapahapa ila niseme ukweli sijawahi hata siku moja, bahari yangu ni ya kununua samaki feri basi. Sasa nimepewa kazi ya kutafuta pa kulala. Huyu ananiambia Shangani, yule Mikindani, mwingine Msimbati, kuna mmoja kanitoa mkoa kabisa kanipeleka kisiwa cha Mafia. Mliowahi naomba mnipe yaliyowakuta wenyewe, picha za mtandaoni nimeshaziona za kutosha.

Bi Korosho:
Picha za mtandaoni hizohizo ndo zilinipeleka mimi. Nilitoka Masasi na mzee wangu, tumefikisha miaka kumi ya ndoa, nikaona lodji moja ya ufukweni (jina nalimeza) bahari ya bluu imefika hadi kwenye ngazi za chumba, nikalipia siku mbili kabisa. Tumefika saa nne asubuhi nafungua pazia, mwe! bahari haipo. Yaani ipo kule mbali kama mstari, hapa mbele ni tope na majani na wamama wanaokota chaza. Mimi nikajifanya mjanja nikavaa miwani nikaanza kutembea kuifuata bahari kwa miguu, kandambili zinazama, nikazivua, hatua kama ishirini nikakanyaga yule mdudu mweusi wa miiba mirefu. Nililia jamani. Wale wamama ndo walinibeba, mmoja akaenda kukata papai bichi akanipaka ule utomvu. Saa kumi jioni maji yamejaa mpaka kwenye ngazi kama kwenye picha vilevile, mimi nipo kitandani mguu juu ya mto. Mhudumu ananiambia mama hii ni bamvua, ungekuja wiki ijayo. Si ungeniambia wakati unapokea hela?

Nahodha Mstaafu:
Salaam wanangu. Pole mwanangu Korosho, ila hapo wa kulaumiwa ni kalenda. Huku kwetu mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanakupwa sana mnamo saa nne asubuhi na yanajaa sana saa kumi jioni. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hapo mambo yanageuka, saa nne asubuhi maji yapo juu, na hata yakitoka hayaendi mbali, mkondo nao unakuwa mpole. Kila siku inasogea mbele kidogo, chini ya saa moja. Kwa hiyo kijana wa Ligula tazama tarehe za mwezi wa Kiislamu, ukipata kati ya 8 na 10 au 22 na 24 hao watoto wako wataogelea asubuhi bila tabu. Sehemu ya kulala inakuja baada ya hilo. Na ukilala Mikindani ujue ile ghuba ndani ni mikoko na tope, mawe mazuri, yaani matumbawe yenye samaki, yapo nje huko upande wa Naumbu, lazima chombo.

Mwana wa Ligula:
Shikamoo mzee. Mimi hizo tarehe nilikuwa naziangalia Ramadhani tu.

Boda wa Madimba:
Mimi nasimama na Msimbati, hasa kule mwisho Ruvula. Mwaka juzi nilimpeleka mteja, kijana wa Arusha, tumetoka mjini saa kumi na mbili asubuhi tumepita pale Madimba kwenye mitambo ya gesi, ukishafika Msimbati kuna geti la hifadhi ya bahari unalipia (pale ni hifadhi tangu mwaka 2000, msije mkabishana na askari), halafu kuanzia hapo ni mchanga mtupu, pikipiki nilikuwa naisukuma kuliko kuiendesha. Jamaa ana hema lake. Nilitaka nimshushe nirudi akaniambia kaa bwana nitakulipa siku, nikakaa. Sasa akanivalisha miwani ya akiba. Wakuu. Unaingia maji ya kiunoni, unaogelea kidogo tu, mara chini panakatika pakawa bluu nzito, na kwenye ule ukingo ndo samaki wamejaa, wa njano, wa mistari, kasa akapita chini yangu taratibu kama mzee anatoka sokoni. Nimekulia kilomita chache kutoka pale na sikuwahi kujua. Niliinua kichwa nikapiga kelele nikameza maji yote ya Bahari ya Hindi.
Mabaya nayo niyaseme. Maji ya kunywa beba mwenyewe, chakula beba au ongea na watu wa kijijini mapema wakupikie, usiku giza totoro. Kuna mahali chini unakuta matumbawe yamevunjikavunjika kama kifusi, wakubwa humu wanaijua kazi ya baruti, ule uvuvi wa kulipua. Na mgongo! Tunadanganyana kwamba sisi weusi hatuungui. Nimeelea kwa muda wa saa mbili kifua wazi, wiki nzima nalala kifudifudi. Vaa fulana.

Chuno wa Mjini:
Nimekaa paleee nasoma. Huyo kasa kama mzee anatoka sokoni kaniua.

Mtu wa Nangurukuru:
Kilwa Masoko kwa ufupi: gesti zipo za kila mfuko, ufukwe wa Jimbiza mzuri kwa watoto kuoga, ila kwa miwani utaona mchanga. Nje kwenye miamba mpaka mashua. Mimi ningekuja Kilwa kwa ajili ya magofu ya Kisiwani, ukate kibali kabisa kabla ya kuvuka, na samaki iwe nyongeza. Anayekwambia Kilwa ni ya snokeli muulize ana mashua ngapi.

Mwalimu wa Bios:
Aliyekutajia Mafia hajakosea ila umwambie shemeji wako kwamba Mafia una kulala kuwili na kila kumoja kuna bahari yake. Kilindoni ni magharibi, ndo mjini, gesti za bei ya kawaida, na papa potwe, wale papa wakubwa sana wasiong'ata mtu, wanakuja upande huo, msimu wao ni kama mwezi wa 10 mpaka wa 2. Utende ni mashariki, kwenye ghuba ya Chole, ndani ya hifadhi ya bahari ya mwaka 1995, matumbawe yako huko ila kila siku unayolala unalipia hifadhi na hoteli zake nyingi ni za wazungu. Mimi kwa mshahara wangu nililala Kilindoni, nikawa naenda Utende kwa bajaji kama kilomita 15 hivi, nachanga mashua na wageni wengine, siku moja ya hifadhi badala ya nne. Kosa langu ni kwamba nilienda na mtu wa mashua bila kuuliza maji, tukafika kwenye mlango wa Kinasi, pale ghuba inapofunguka baharini, maji yanatoka, mkondo ukatubeba, tulikuwa tunapiga miguu tumesimama palepale, nikashika kamba ya mashua mpaka viganja vikachubuka. Na kutoka Mtwara ni safari haswa, mpaka Bungu, ushuke Nyamisati upande boti. Ile mvua ya kimbunga Hidaya mwezi wa 5 mwaka 2024 barabara ikakatika huku Somanga, kuna jirani yangu alikwama siku kadhaa na samaki wake kwenye ndoo. Hata barabara ikiwa nzima, kwa siku tatu na watoto, mtamaliza likizo ndani ya basi.

Bi Korosho:
Na shemeji kama ana sharubu anyoe, mzee wangu miwani ilikuwa inaingiza maji kila akicheka. Ukungu kwenye kioo temea mate sugua halafu suuza, msiniulize mengi.

Nahodha Mstaafu:
Kweli hiyo. Na muingie mapema, mwezi wa 12 kaskazi ikishaamka mchana maji yanachafuka.

Mwana wa Ligula:
Aisee asanteni sana. Nimekaa na kalenda ya msikitini hapa nimehesabu, wanafika tarehe 6 ya mwezi, kwa hiyo siku mbili za kwanza wanalala mjini wale pweza wao, Mikindani tunaenda kutembea tu kuona Boma, lile jengo la zamani la Wajerumani, halafu tarehe 8 alfajiri tunaingia Msimbati, tunalala kijijini siku mbili, Ruvula tunashinda asubuhi. Dada kashagoma hema, nimemwambia chumba cha feni kitapatikana. Boda wa Madimba njoo inboksi tuongee bei, watu watano na mizigo, au unajua mtu mwenye gari inayopita ule mchanga? Na kama kuna mwenye miwani ya mtoto wa miaka 11 aniazime, narudisha na korosho kilo moja.