Je, buibui ndiye zimwi halisi la Derry?

Wapo wanaoshikilia kwamba zimwi la riwaya ya It, aliyoitoa Stephen King mwaka 1986, kwa asili yake ni buibui, na kwamba yule chale Pennywise pamoja na sura nyingine zote yalikuwa mavazi tu. Hoja yao kubwa ni kwamba chini ya mji wa Derry buibui huyo alijeruhiwa, akapondwa moyo, akafa, na kisicho na mwili hakifi. Nawaheshimu, lakini hoja hiyo naipinga.

Methali yetu inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili la Derry humjua mtoto hasa ndipo limle. Kwa watoto saba waliopambana nalo lilikuja kwa sura mbalimbali: kwa Ben kama maiti iliyokaushwa ya Misri, kwa Eddie kama mkoma, kwa Mike kama ndege mkubwa. Tukumbuke kiangazi cha mwaka 1958, Beverly alipolipiga kwa manati yenye kipande cha fedha, likiwa katika umbo la mtu-mbwamwitu. Fedha ililiumiza kwa kuwa katika hadithi walizozijua watoto wale mtu-mbwamwitu huuawa kwa fedha, na zimwi likishavaa umbo hufungwa na sheria za umbo hilo. Hakuna anayedai kwamba jeraha lile linathibitisha kuwa asili yake ni mbwamwitu. Kwa nini basi jeraha la buibui lithibitishe ubuibui? Riwaya yenyewe inaeleza kwamba buibui ndiyo sura iliyo karibu zaidi na ukweli ambayo akili ya binadamu inaweza kuishika, na karibu si penyewe.

Nakiri kwamba mayai yananisumbua. Ben aliyaponda moja baada ya jingine, na hakuna sura nyingine iliyopata kutaga. Hata hivyo, kama umbo hulifunga zimwi katika udhaifu, sioni kwa nini lisilifunge katika uzazi pia.

Kinachonishawishi zaidi ni Audra, mke wa Bill, ambaye utotoni alikuwa mmoja wa wale saba. Saba wale walisimama mbele ya buibui mwaka 1958 wakatoka na akili zao, ilhali Audra, aliyeitazama ile mianga ya mauti iliyo nyuma ya sura zote, alibaki hasemi wala hatambui mtu. Anayemtetea buibui na anieleze kwanza: ikiwa buibui ndiye ukweli wenyewe, mbona kumtazama hakukuwavunja watoto wale?