Methali kwa watoto na wazazi pamoja: tuanzie wapi? (Mikindani)

Baraza_la_Jumamosi:
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Kuna kikundi cha Jumamosi hapa Mikindani, Mtwara: watoto 12 wa miaka 6 hadi 12, wazazi wao wanakaa pembeni. Tunataka kuingiza methali, za Kiswahili na za Waafrika wengine. Shida ni kwamba ukisema "Haba na haba", wote wanadakia "hujaza kibaba!" Ukiuliza kibaba ni nini, kimya. Wazazi nao wanaona hayo ni mambo ya darasani. Methali ngapi kwa kikao, na tuanze na zipi?

Kifuu:
Marahaba. Mbili tu kwa kikao, dakika 25 zinatosha. Zikifika tano zimeshakuwa karatasi ya mtihani.

Anza na kitu, methali ije baadaye. Hiyo ya kibaba: kibaba ni kipimo cha nafaka, vinne vinafanya pishi moja. Watoto hawajakiona, kwa hiyo chukua kopo la nusu lita, mchele, na kijiko cha chai. Kila mtoto atie kijiko kimoja, ampe mwenzake. Kijiko kinabeba kama mililita 5, maana yake unahitaji vijiko 100 hivi. Kwa watoto 12 ni mizunguko minane na kidogo. Mzunguko wa tatu wataanza kunung'unika kwamba halijai. Usiwafupishie kwa kumimina! Huo uchovu ndio somo. Kopo likifurika, sema nusu ya methali uwaache wamalizie, safari hii wakiwa wanajua wanachokisema. Kikao kinachofuata chota kijiko kimojakimoja hadi kopo liishe, uwape "Bandu bandu huisha gogo".

Kosa kubwa ni mkubwa kutoa maana mapema. Ukishasema "yaani tuweke akiba", mtoto hana tena cha kufikiri.

Nahodha_Mstaafu:
Naongezea upande wa maneno yaliyochakaa, maana hapo ndipo wengi wanapotelea.

"Maji ya kifuu bahari ya chungu." Mtoto anasikia chungu cha kupikia na methali inakufa palepale. Chungu hapa ni wale wadudu, jamaa ya sisimizi. Weka maji kwenye kifuu, vidole viwili tu, umwonyeshe mdudu anayetembea karibu, uulize: huyu akivuka hapa, ni safari ya siku ngapi? (Msiwatumbukize, watoto wana tabia hiyo.)

"Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani" ifundisheni ufukweni, penye jahazi lililopwelewa. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, ngama ni kule chini ndani maji yanakojikusanya hadi yakombwe. Mtoto atembee tezi hadi omo, kisha ashuke. Hii ni ya miaka 9 kwenda juu. Wadogo wapeni "Samaki mkunje angali mbichi". Samaki mwembamba mbichi mmoja na ng'onda (samaki mkavu) mmoja kutoka sokoni feri: wa kwanza anakunjika, wa pili anavunjika mkononi. Haihitaji maelezo.

Doti_Moja:
Kwa wazazi njia ni nyingine. Mtu mzima usimuulize maana, ataona anatahiniwa. Muulize: ungeisema lini, na kwa nani? Hapo watabishana hadi magharibi.

Wape zinazogombana: "Mvumilivu hula mbivu" na "Ngoja ngoja huumiza matumbo". Kisha tukio moja: korosho zimevunwa, bei ya mnada wa kwanza haijawaridhisha, ada za shule zinadaiwa. Ipi inasemwa hapo? Hakuna jibu moja, na ndivyo methali zinavyotumika.

Kanga nazo zinafaa, someni jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Ila atakayeongoza achague kanga mapema kutoka kabati lake mwenyewe. Ukiwaambia kila mtu alete yake, kuna atakayeleta yenye fumbo la kumsema jirani, na kikao kitageuka shauri. Na maneno ya unyago yabaki unyagoni, hata kama bibi mmoja atayatamka kwa utani.

Baraza_la_Jumamosi:
Ahsanteni sana. Watoto nao wapewe zinazogombana? Na hizi zinazoandikwa tu "methali ya Kiafrika"?

Kifuu:
Chini ya miaka 10, hapana. Wataona wakubwa mnajipinga, na kwa umri huo watakuwa na haki.

Nahodha_Mstaafu:
Afrika haina lugha moja. Methali isiyo na watu wake iacheni mpaka mjue ni ya nani. Wakikuyu wa Kenya wanasema "Kamuingi koyaga ndiri": kikundi kidogo huinua kinu. Leteni kinu cha mbao, mtoto mmoja ajaribu, kisha wanne. Mkubwa ashike upande mmoja, kinachoumia hapo ni vidole vya miguu. Someni kwanza kwa lugha yake, kisha Kiswahili, halafu waulize sisi tunasemaje. Atakayetoa "Kidole kimoja hakivunji chawa" ameelewa.

Za Kimakonde, Kimwera na Kiyao ziombeni kwa wazee wenyewe. Daftari liwe na safu nne: maneno kama yalivyotamkwa, tafsiri ya neno kwa neno, inasemwa wakati gani, na kijiji. Msirukie kuandika methali ya Kiswahili inayofanana nayo. Ukianza na hiyo, mzee atakubali tu kwa heshima na ile yake itapotea.

Doti_Moja:
Na zisitumike kukaripia. Mtoto anayesikia "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" siku za makosa tu, ataikimbia kama anavyokimbia fimbo. Itajeni siku hakuna aliyevunjika kitu.