MJADALA: Gari likitimiza miaka 40, lisamehewe moshi wake?

Mleta mada

Wakuu, tulijadili hili bila kuoneana haya. Serikali nyingi zinazobana moshi wa magari zimewaachia wenye magari ya kale mlango wa pembeni. London, ukanda wa ULEZ (eneo linalotoza magari yenye moshi mchafu) ulioanza Aprili 2019 na kupanuliwa jiji zima Agosti 2023 unatoza pauni 12.50 kwa siku kwa gari lisilofikia kiwango. Gari lililopita miaka 40, likiwa limeandikishwa kuwa la kihistoria na halifanyi biashara, halilipi kitu. Ujerumani, gari la miaka 30 lililotunzwa katika hali yake ya asili hupewa namba inayoishia na herufi H, na namba hiyo hulipitisha kwenye kanda za mazingira ambazo magari mengine machafu yamezuiwa. California, gari la petroli la mwaka 1975 kurudi nyuma haliitwi kabisa kwenye kipimo cha moshi.

Nayapenda magari haya kwa moyo wote, na bado nasema msamaha wa namna hii hauna haki. Umri haupimi moshi. Chukueni London hiyohiyo: dizeli ya mwaka 2010, ambayo mwenyewe anaitegemea kufika kazini, inalipa kila siku inapoingia barabarani. Gari la 1970 lisilo na masega, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, linapita bure. Anayekamuliwa ni yule ambaye gari lake limechakaa vya kutosha kuitwa chafu, lakini halijazeeka vya kutosha kuitwa urithi.

Hoja yangu ni hii: tupimwe. Gari la kale lipimwe moshi kwa kiwango cha zama zake, na msamaha wa kuingia mjini ufungamane na kilomita linazotembea kwa mwaka. Mwaka wa kuzaliwa peke yake usimtoe mtu kifungoni.

Mchangiaji mwenye pumu

Mkuu, hapo kwenye "kiwango cha zama zake" ndipo sikuelewi. Masega yanayofanya kazi vizuri huondoa zaidi ya asilimia 90 ya monoksidi ya kaboni, mafuta yasiyoungua na oksidi za naitrojeni. Gari la kale unalolitetea halina masega. Likifaulu kipimo cha 1968, kilichothibitishwa ni kwamba ni chafu kama magari ya 1968 yalivyokuwa, na sheria za moshi zilitungwa kwa sababu hewa ya miaka ile ilikuwa haivutiki.

Mimi nikisimama kwenye taa za barabarani nyuma ya gari la kabureta, kifua kinabana kabla taa haijageuka kijani. Hakinisaidii chochote kujua kwamba mwenyewe analiendesha Jumapili tu. Mashambani na kwenye maonyesho ruksa. Katikati ya mji, hapana.

Fundi wa injini za zamani

Naomba niingie, maana nyote wawili mna kweli na mna mapengo.

Magari mawili ya mwaka mmoja, modeli moja, yanaweza kutofautiana kama mchana na usiku. Moja ringi za pistoni zimekwisha linakula oili, choki imekwama, jeti za kabureta zimepanuka, plagi nyeusi tii. La pili limerekebishwa mchanganyiko wa petroli na hewa, timingi iko sawa, vali zinaziba. Sheria inayotazama mwaka kwenye kadi inayaona yote mawili ni kitu kimoja. Kwa hiyo kupima, naunga mkono.

Ila mwenye pumu naye ana hoja, na viwango vya ukaguzi wa Uingereza vinambeba. Gari la petroli lililoanza kutumika kati ya Agosti 1975 na Julai 1986 linaruhusiwa kutoa monoksidi ya kaboni hadi asilimia 4.5 likiwa linanguruma bila kukanyagwa. Lenye masega halitakiwi kuzidi nusu asilimia. Na la kabla ya Agosti 1975, likipelekwa kukaguliwa? Mkaguzi anatazama moshi kwa macho tu! Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu. Kipimo cha macho kinakamata oili inayoungua, basi.

Halafu mleta mada, kilomita zako hazifungi hesabu yote. Gari la zamani linachafua hata likiwa limezimwa. Petroli inageuka mvuke na kutoroka kwenye bakuli la kabureta na kwenye tundu la hewa la tangi. Magari ya baadaye yaliwekewa kopo la mkaa linalonasa mvuke huo, halafu injini ikiwaka inaunyonya na kuuchoma. Kuna pia vali ndogo inayorudisha kwenye injini mvuke unaopenya kupita ringi. Zamani ulikuwa unatolewa nje moja kwa moja kwa bomba. Vitu hivi vyote viwili mara nyingi vinaweza kufungwa kwenye gari la kale bila kuliharibu sura wala mlio. Sheria ikidai hivyo, mimi sioni kinachokufa.

Mmiliki

Nyinyi mnaongea kirahisi. Sisi ni wachache, magari yetu hayatembei kila siku, na kila sheria mpya inaanza na sisi kwa kuwa tunaonekana. Mwaka 2015 ndipo dunia ilipojua kwamba Volkswagen ilifunga programu ya udanganyifu kwenye dizeli zake, karibu magari milioni 11, yanapita kipimo maabara halafu barabarani mengine yanatoa oksidi za naitrojeni hadi mara 40 ya kikomo. Magari mapya hayo! Yalikuwa na vyeti vyote. Na gari jipya kabla halijatembea hata kilomita moja limeshagharimu chuma, umeme na tani za kaboni kiwandani. Gari langu deni hilo lililipwa zamani.

Mchangiaji mwenye pumu

Ndugu, kosa la Volkswagen halisafishi ekzosi yako. Na usichanganye mambo mawili. Kaboni ya kiwandani ni suala la joto la dunia, na hapo nakubali gari linalotunzwa miaka 50 lina la kujitetea. Mimi naongelea sumu inayoingia kifuani mtaani, leo. Hiyo haipunguzwi na deni la kiwanda kulipwa.

Mleta mada

Nashukuru wote. Fundi, la mvuke nimelipokea, kipimo kiuhusishe.

Sasa kuna jambo ambalo wenzangu wenye magari hawapendi kuliongelea, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Msamaha unaosogea. California walikuwa nao: gari likitimiza miaka 30 linasamehewa, kwa hiyo kila mwaka magari ya mwaka mwingine yanaingia kwenye msamaha. Kuanzia 2005 waliusimamisha, ukabaki kwenye 1975. Nadhani walifanya sawa. Marekani masega yalianza kuenea kwenye magari ya modeli ya mwaka 1975. Msamaha ukiendelea kusogea, unaacha kuwalinda wale ambao gari lao halikuwahi kuwa na kifaa, unaanza kuwalinda wale ambao gari lao lilitoka kiwandani nacho.

Ulaya masega yalikuwa lazima kwa magari mapya ya petroli kufikia 1993. Ongeza 40: ni 2033. Na Uingereza tangu Mei 2018 gari lililopita miaka 40 bila kubadilishwa sana halilazimiki hata kwenda kwenye ukaguzi wa mwaka. Basi ifikapo wakati huo mtu anaweza kuyang'oa masega, akauza madini ghali yaliyomo, platini, paladi na rodi, akafunga bomba tupu, na hakuna mkaguzi atakayelitazama gari hilo. Huo ni uharibifu wa kitu cha asili cha gari, halafu tunauita kutunza historia! Gari la 1970 lisilo na masega ni halisi. La 1993 lililong'olewa masega limechakachuliwa.

Mmiliki

Hapo umenigusa, maana langu ni la 1991 na lina masega kutoka kiwandani. Nimeyatafuta mapya, mtengenezaji ameshaacha kuyatoa. Nikifeli kipimo kwa kifaa kisichopatikana, nifanye nini? Nilipeleke chuma chakavu?

Fundi wa injini za zamani

Yapo masega ya kufunga kwenye gari lolote la ukubwa huo wa injini, yanachomelewa kwenye ekzosi. Kinachohitajika ni sheria ikubali kifaa kisicho cha asili mradi moshi umefaulu, na gari lisipoteze hadhi yake ya kihistoria kwa sababu hiyo.

Na niwakumbushe la madini ya risasi. Petroli yenye risasi ilipoanza kuondolewa, wengi walisema injini za zamani zimekwisha, viti vya vali vitaliwa bila risasi ya kuvikinga. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Tukashusha silinda hedi, tukaweka viti vya chuma kigumu, wengine wakatumia dawa ya kuchanganya na mafuta. Mwaka 2021 Algeria, nchi ya mwisho, ikaacha kuiuza kwa magari. Magari ya kale bado yako barabarani, na watoto hawavuti tena risasi ya moshi wa magari. Waliogoma wakati ule wangesikilizwa, tungekuwa bado tunaipumua.

Mleta mada

Mmiliki, basi nairekebisha hoja: msamaha wa kutokuwa na masega ubaki kwa magari yaliyotengenezwa bila masega tu, usisogee. Yaliyotoka nayo yapimwe maisha yake yote, kwa kifaa chochote kinachofaulu. Yote yapimwe kwa mashine, hata ya kabla ya 1975.

Mchangiaji mwenye pumu

Naafiki yote hayo. Katikati ya mji bado sijakubali, hasa asubuhi watoto wanapokwenda shule. Weka saa za kuingia kwenye hoja yako, halafu nitaiunga mkono.