Ipamorelini na CJC-1295: nidunge au nimrudishie kocha?

Fundi_Kondele
Wadau, salaam. Nina miaka 41, nauza spea za pikipiki hapa Kondele, Kisumu. Jimu naenda jioni mara nne kwa wiki, lakini tangu mwaka jana benchi (kunyanyua chuma nikiwa nimelala chali) imekwama kilo 80 na kitambi hakishuki. Kocha kaniuzia vichupa viwili, ipamorelini na CJC-1295, dawa za kuamsha homoni ya ukuaji. Ndani ni unga kiduchu ulioshika chini kama chumvi iliyolowa ikakauka. Eti nichanganye na maji ya sindano, nijidunge tumboni kila usiku. Anasema hizi si steroidi, "zinaamsha tu homoni yako mwenyewe". Lebo inasema ni za utafiti, si za binadamu. Nimezificha kwenye friji nyuma ya maziwa lala, na mke wangu ameshauliza mara mbili. Mama ana sukari, lakini mimi niko sawa. Mnasemaje?

Nesi_Nax
Kaka, habari ya mama umeipitia mbio kama mtu anayepita duka analodaiwa. Mimi naanzia hapo hapo. Homoni ya ukuaji inaizuia insulini kufanya kazi yake ya kushusha sukari, kwa hiyo mwenye sukari katika ukoo hachezi nayo.

Kocha hajakudanganya kuhusu kuamsha homoni. CJC-1295 iliwahi kupimwa kwa watu wazima wenye afya, na sindano moja ilipandisha homoni kwa siku kadhaa. Lakini homoni kupanda kwenye damu ni habari moja, benchi kupanda ni nyingine. MK-677 ni dawa ya kumeza inayopitia mlango uleule wa ipamorelini. Jaribio lake lililochapishwa 2008 lilihusu wazee 65 wenye afya. Baada ya mwaka, walioimeza waliongeza kama kilo moja ya mwili usio mafuta, nguvu ikabaki palepale, na sukari ya asubuhi ikapanda. Jaribio jingine la dawa hiyohiyo, kwa waliovunjika nyonga, lilikatizwa mapema kwa hofu ya moyo kushindwa kufanya kazi. Ipamorelini nayo ilijaribiwa kuamsha utumbo baada ya upasuaji, haikufua dafu.

Na lebo hiyo maana yake hakuna aliyekuhakikishia kilichomo. Kapime sukari kabla ya kunywa chai.

Kijana58
Mimi nilidunga miezi miwili. Mizani ikaongeza kilo tatu, nikajiona simba. Kumbe maji. Pete ilikataa kutoka hata kwa sabuni, na nikishika usukani vidole vinakufa ganzi. Nilipoacha, kilo zikaondoka zenyewe. Benchi? Usiniulize.

Mkimbiaji_Nandi
Kama unashindana popote, hata mbio za kaunti, jua WADA, shirika la dunia linalopiga vita dawa haramu michezoni, imepiga marufuku kundi hili lote, siku ya mashindano na siku isiyo ya mashindano. Huku kwetu tumeona vijana wakifungiwa miaka kwa vitu vidogo kuliko hivyo.

Fundi_Kondele
Nimepima leo asubuhi, tumbo tupu: 6.3.

Nesi_Nax
Hiyo bado si kisukari, lakini si "niko sawa" pia. Rudi kliniki wakupime HbA1c, ile inayoonyesha miezi mitatu iliyopita. Na mwambie mama watoto ukweli, ndiye anayepika.

Fundi_Kondele
Nimemwambia, amenuna. Kocha naye amekataa kurudisha pesa, eti vichupa vishalala kwangu.