UZI WA MALALAMIKO: Skrabu teki Marekani, jimbo hili wanakuita kazini, jimbo la jirani wanakufungia mlango wa thieta

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kila mara humu anatokea mtu kuuliza kozi gani fupi ya afya inaweza kumtoa kwenye kazi ya nasingi hom (kutunza wazee) au ya kubeba maboksi, na jibu linalokuja haraka ni lile lile: "Soma skrabu teki, mwaka mmoja au miwili umemaliza, hela ipo." Hela ipo kweli. Mshahara wa kati unazunguka dola 60,000 kwa mwaka. Lakini hakuna anayemweleza huyo mwulizaji kwamba kwa kazi hii Marekani haina sheria moja, na kwamba kuna vyuo vinavyoishi kwa kula pesa za watu wasiolijua hilo. Wengi wanaoliwa ni sisi wageni.

Kwa wasioijua kazi: skrabu teki, yaani mteknolojia wa upasuaji, ndiye anayepanga meza ya vifaa kabla ya daktari kuingia, anamvisha gauni na glavu, anamkabidhi kisu, mkasi na koleo kwa wakati wake, na analinda eneo lote lisiguswe na kitu kichafu. Yeye na muuguzi wanahesabu kila gozi (kitambaa cha kufyonza damu), kila sindano na kila kifaa kabla ya kukata na kabla ya kushona. Hesabu ikikosewa, gozi linabaki tumboni mwa mama wa watu, linaoza humo. Jambo hili ni zito kiasi kwamba tangu Oktoba 2008 Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, hailipi hospitali gharama za ziada zinazotokana na kitu kilichosahauliwa mwilini mwa mgonjwa.

Sasa hapa Ohio ninapoishi na kufanya kazi, hakuna sheria ya jimbo inayosema mtu huyu lazima awe amesoma popote. Leseni hakuna, usajili hakuna. Hospitali ikiamua kumchukua mtu na kumfundisha humo humo thietani, inaruhusiwa. Dada anayetengeneza nywele saluni hapa Columbus anatakiwa awe na leseni ya jimbo, asome saa zilizowekwa na sheria na afaulu mtihani. Kwa nywele wanadai hivyo. Kwa tumbo lililofunguliwa hawadai kitu. Nikiwaza hili damu inanichemka.

Vuka mpaka kuelekea magharibi uingie Indiana: sheria ipo, hospitali inatakiwa iajiri mwenye cheti. Nenda mashariki, Pennsylvania nao wametunga yao 2020. Yaani Ohio imebanwa katikati ya majimbo mawili yanayodai cheti, na yenyewe imekaa kimya. Texas wanadai, Tennessee, South Carolina, New Jersey, New York, Massachusetts, Nevada, Oregon, wote wanadai kwa namna zao. Virginia lazima upitie bodi ya udaktari ya jimbo. Washington wanataka ujisajili idara ya afya lakini hawakuulizi mtihani. Illinois kuna usajili wa hiari, ukitaka. California, jimbo lenye watu wengi kuliko yote, haina sharti la cheti kisheria. Kazi ni ile ile, vifaa ni vile vile, mwili wa binadamu ni ule ule.

Niwape kisa kilichonifanya nifungue huu uzi. Kuna kijana Mkongo tunasali naye, sitamtaja, na chuo chake sikitaji pia. Alikopa, akalipa, akasoma kozi ya skrabu teki kwenye chuo kimoja cha kibiashara. Walimwonyesha karatasi kwamba chuo kina ithibati, na haukuwa uongo. Kitu ambacho hawakumwambia ni kwamba ithibati ya chuo ni kitu kimoja na ithibati ya programu yenyewe ya upasuaji ni kitu kingine. Programu inatakiwa iwe imepitishwa na CAAHEP au ABHES, mashirika yanayotoa ithibati kwa programu za afya. Yake haikuwa imepitishwa na yeyote kati ya hao wawili.

Ohio haikujali. Akapata kazi, akaipenda, madaktari wakawa wanaomba wapangiwe naye kwenye upasuaji wa mifupa kwa sababu mkono wake mwepesi na hapotezi hesabu. Kisha mkewe akapata kazi nzuri Indianapolis, wakahama na watoto. Akaomba kazi huko. Swali la kwanza: una CST, yaani cheti cha kitaifa cha mteknolojia wa upasuaji? Hana. Basi kafanye mtihani. Akaenda NBSTSA, ndiyo bodi inayotoa hiyo CST, wakamwambia kwamba ili kukaa kwenye mtihani lazima uwe umehitimu programu yenye ithibati. Miaka yake yote ya thieta haihesabiki. Hawajasema ameshindwa mtihani. Wamemnyima hata nafasi ya kuujaribu. Leo anasukuma vitanda vya wagonjwa kuwapeleka kwenye mlango wa thieta na kurudi, huku mkopo wa kile chuo bado anaulipa.

Huyu mtu ameibiwa, wakuu. Na aliyemwibia hajavunja sheria, kwa sababu jimbo halijaweka sheria ya kuvunja. Jimbo lisilodai chochote linaacha chuo kiuze chochote, na bei wanakuwekea kama ya cheti halali.

Najua mtu atakuja kusema kuna cheti cha pili, TS-C cha shirika jingine la vyeti, NCCT, ambacho kina njia ya kupitia uzoefu wa kazini. Kipo, na kuna waajiri wanaokikubali. Lakini soma matangazo ya kazi uone ni mangapi yameandika CST pekee. Mtu analipia mtihani, anasoma usiku baada ya zamu, anafaulu, halafu hospitali anayoitaka inamwambia kile cha kwako hatukitambui. Ukienda kwingine kinatambuliwa. Kwa nini mfanyakazi ndiye abebe mzigo wa kubahatisha?

Kinachoniudhi zaidi ni mianya iliyowekwa ndani ya hizo sheria zenyewe. Texas, kama ulikuwa unafanya kazi hii kabla ya Septemba 1, 2009, unaendelea bila cheti. New York mpaka wao ni Januari 1, 2015. Sawa, sitaki wazee wafukuzwe kazi waliyoijenga. Lakini Texas wamekwenda mbali zaidi: hospitali ikithibitisha kwamba imetafuta kwa bidii na haikupata watu wa kutosha wenye cheti, inaruhusiwa kuajiri asiyenacho. Kwa hiyo sharti la usalama wa mgonjwa linalegezwa pale ambapo hospitali ina upungufu wa watu! Mgonjwa wa mji mdogo huko Texas tumbo lake lina thamani pungufu?

Halafu angalieni sheria nyingi kati ya hizi zinamfunga nani. Zinamfunga mwajiri. Wewe mteknolojia hupewi leseni, huna namba, hakuna bodi ya jimbo inayoweza kukusimamisha. Matokeo yake tumeyaona Colorado. Mwaka 2009 iligundulika kwamba mteknolojia wa upasuaji wa Rose Medical Center, Denver, mwenye homa ya ini aina ya C, alikuwa anaiba sindano za fentanili, dawa kali ya maumivu inayolevya, na kuacha zilizotumika zimejazwa maji ya chumvi. Wagonjwa wakaambukizwa. Akafungwa miaka 30. Mwaka uliofuata Colorado ikapitisha sheria ya usajili. Lakini 2016 likatokea lingine, Swedish Medical Center, jimbo lile lile: mteknolojia aliyekamatwa akiiba fentanili alikuwa ameshafukuzwa hospitali kadhaa za majimbo mengine, akawa anahama tu. Karibu wagonjwa 3,000 wakaitwa kupimwa UKIMWI na homa ya ini. Jimbo moja likijenga ukuta peke yake, mwizi anapita kwa jirani. Huku kijana wetu mwaminifu, asiye na doa, anazuiwa kwa karatasi.

Ndiyo maana siungani na wanaosema humu kwamba masharti yote yafutwe ili sisi wageni tupite kirahisi. Hapana. Mimi nataka sharti liwepo, liwe moja nchi nzima: programu yenye ithibati, mtihani, na daftari moja la majina ambalo mtu akifukuzwa kwa wizi wa dawa jina lake linaonekana kila jimbo. Wauguzi wanafanya mtihani ule ule wa leseni, NCLEX, kila mahali, na majimbo zaidi ya 40 yameingia kwenye mkataba wa leseni moja. Uingereza watu wa thieta, wale wanaoitwa ODP, wako kwenye daftari moja la taifa tangu 2004. Kumbe inawezekana.

Na wale waliotoka nyumbani na ujuzi wapewe njia. Kuna wauguzi wa thieta waliosimama Muhimbili, Bugando, Kenyatta kwa miaka, kuna Wakenya wenye diploma za thieta, wakifika hapa wanaambiwa diploma hiyo haikuruhusu kukaa kwenye mtihani wa CST. Siombi wapewe cheti bure. Naomba wapimwe. Mwacheni mtu akae kwenye chumba cha mtihani, maswali 175, saa nne, akishindwa arudi shule. Kama wewe ni muuguzi uliyesajiliwa nyumbani, ushauri wangu nenda njia ya NCLEX moja kwa moja, usipoteze pesa kuanza skrabu teki upya.

Wanaotaka kujiunga na kozi sasa hivi, nawasihi. Msiamini kipeperushi wala yule afisa udahili mwenye maneno matamu. Ingia tovuti ya CAAHEP au ABHES, tafuta programu yenyewe ya teknolojia ya upasuaji, kwa jina la chuo na tawi lake. Kama haimo, ondoka hata kama wanakupunguzia ada. Uliza ni asilimia ngapi ya wahitimu wao wanafaulu CST. Programu yenye ithibati inatakiwa iwe na takwimu hizo wazi. Ukimaliza, fanya mtihani mapema hata kama jimbo lako halikudai, kwa sababu hujui mwakani utakuwa unaishi wapi, au kama utataka ile mikataba ya muda mfupi ya wiki 13 inayolipa vizuri majimbo mengine. Na ukishakipata usikiache kife: kila miaka miwili unatakiwa kukihuisha kwa pointi 30 za mafunzo endelevu. Kikiisha muda, unarudi kwenye mtihani.

Mlioko Ohio kama mimi na mna haki ya kupiga kura: tuwaandikie wabunge wetu wa jimbo pale Columbus. Nina rasimu ya barua kwa Kiingereza, anayeitaka aseme hapa nimtumie, abadilishe jina lake na wilaya yake ya uchaguzi.

Na mlioko Maryland, Georgia, Minnesota na Kentucky, ambako watu wetu ni wengi, naomba mseme hapa chini mwajiri alikudai nini siku ya kwanza: CST, TS-C, au hakuuliza kitu. Walioumizwa na vyuo pia waseme, bila kutaja jina la chuo hadharani. Tuwasiliane pembeni, kwa sababu nataka tuone kama tunatosha kupeleka malalamiko ya pamoja kwa mwanasheria mkuu wa jimbo.