Land Rover Series III ya dizeli: nibadilishe injini, au niitengeneze iliyopo?

Mwulizaji, Njoro

Hamjambo nyote. Nina Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109, yenye injini ya dizeli ya lita 2.25. Mzee wangu alinikabidhi mwaka jana, baada ya goti kumkatalia kukanyaga klachi. Kazi yake ni kupandisha mbolea na mbegu kutoka Njoro hadi shambani Mau Narok, na kushusha viazi Nakuru, magunia 14 ya kilo 50 kwa safari moja. Tangu miezi ya kiangazi gari limepungukiwa nguvu. Pale ambapo mzee alikuwa akipita na gia ya tatu mimi nalazimika kuingiza ya pili, na moshi mweusi unajaa kwenye kioo cha nyuma. Fundi wangu anashauri niing'oe injini hiyo na kutia ya Kijapani iliyotumika, yenye turbo, ile feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Kabla sijatoa fedha za msimu mzima, naomba ushauri wa waliotunza magari haya: je, injini imefika mwisho wake?

Jibu kutoka Ahero

Ndugu yangu, moshi mweusi si dalili ya injini iliyokufa. Injini inayokula oili hutoa moshi wa buluu. Mweusi husema kwamba dizeli ni nyingi kuliko hewa inayoingia. Kwa hiyo anza na hewa. Filta ya gari hilo ni bakuli lenye oili, na vumbi la kiangazi huishia humo ndani. Yangu ilipofunguliwa baada ya miezi mitatu ya vumbi la Kano, nilikuta tope zito kama ugali wa wimbi, kimo cha vidole viwili, na oili ikielea juu kidogo tu. Osha bakuli na wavu wake kwa dizeli, uache vikauke, kisha utie oili safi hadi kwenye alama, isizidi.

Baada ya hapo peleka nozeli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya silinda, zikapimwe shinikizo, na umwombe fundi apime nafasi za valvu, yaani milango ya hewa na moshi, ambazo kwa injini hiyo ni milimita 0.25 zote, za kuingiza na za kutoa. Mwisho apime mgandamizo wa kila silinda. Vipimo vikikaribiana, injini hiyo bado ina miaka. Kumbuka pia kwamba injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Mau Narok iko juu ya mita 2,500. Hata ilipokuwa mpya haikuwahi kukimbia huko.

Jibu kutoka Kitale

Naunga mkono ya Ahero, ila umeuliza kuhusu kupanda nami nahofia kushuka. Mzigo wako mzito, kilo 700 za viazi, unateremka, na gari hilo lina breki za dramu kwenye magurudumu yote manne.

Nilibadilisha injini ya gari kama lako miaka kadhaa iliyopita. Nguvu ilipatikana, sikatai. Lakini busta ya breki, ile inayousaidia mguu kukanyaga, inahitaji ombwe, yaani nafasi iliyonyonywa hewa, na fundi aliyenifanyia kazi aliunganisha pampu ya ombwe kwa mpira laini wa maji. Mpira ule ulikuwa ukijibana wenyewe injini ikipata joto, na pedali ikawa ngumu kama jiwe katikati ya mteremko wa Kapsokwony. Nilisimama kwa gia na kwa ukingo wa barabara, nikiwa na watu wawili nyuma. Tena giaboksi ya Series haikuundwa kubeba msukumo wa turbo. Yangu ilianza kuruka gia ya tatu kabla ya mwaka kwisha. Na usisahau kwamba namba ya injini mpya lazima iandikishwe NTSA, mamlaka ya usafiri, ibadilishwe kwenye logibuku.

Kwa hiyo, kabla ya injini, toa dramu zote uangalie kama zimelowa oili, ubadilishe maji ya breki kama yana zaidi ya miaka miwili, kwa sababu hunyonya unyevu. Breki ya mkono ya gari hilo inashika shafti nyuma ya giaboksi, haishiki magurudumu, kwa hiyo sili ikivuja hapo breki huteleza. Halafu lala chini ya gari na nyundo, ugonge chasisi, ile fremu inayobeba gari, usikilize kama imeoza. Bodi ni ya alumini na itakudanganya kwa uzuri wake, lakini chasisi ni chuma na huoza kuanzia ndani.

Mwulizaji, Njoro

Asanteni sana, wazee wangu. Jumamosi nilifungua filta nikakuta tope lile lile. Nimeosha, na jana gari tupu lilipanda na gia ya tatu karibu njia nzima, moshi ukiwa mchache. Nozeli zitapimwa wiki hii.

Chasisi ndiyo iliyonishtua. Nyundo ilikuwa ikilia vizuri kutoka mbele, lakini karibu na kishikio cha springi ya nyuma, upande wa dereva, ikatoa sauti ya kopo lililojaa udongo. Nilisukuma bisibisi ikazama hadi mpini. Dramu ya breki ya mkono nayo imelowa. Injini ya Kijapani nimeiacha. Fundi anasema atabandika bati juu ya shimo, je, inatosha?

Jibu kutoka Kitale

Haitoshi. Bati likichomelewa juu ya kutu hushika kutu, na pale ndipo springi inaposukuma uzito wote wa viazi. Akate hadi afikie chuma safi, aweke bamba la unene ule ule wa chasisi, achomelee kingo zote. Tangi la mafuta litolewe kwanza, na waya za betri zifunguliwe. Akimaliza, azibue matundu madogo yaliyo chini ya chasisi, maana tope limeyaziba na maji yanakaa ndani, kisha apulizie oili humo ndani. Hadi hapo usibebe hata gunia moja.