Shokapu za IST: mtumba wa Japani, mpya za boksi au KYB?

mkazi_wa_Goba
Wakuu habari za jioni. Nina Toyota IST ya 2003 cc 1300, shokapu za mbele zinavuja oili na za nyuma nazo hoi, nikipita tuta gari inayumba kama mtumbwi. Leo nimeshinda kwenye maduka ya spea pale Gerezani, Dar, nimerudi na kichwa kinauma. Kuna za mtumba kutoka Japani, kuna mpya za Kichina kwenye boksi ambalo hata jina halisomeki, na kuna KYB mpya, ile chapa ya Japani, ambazo pea ya mbele peke yake naambiwa laki mbili na themanini. Fundi wangu anasema nisinunue kitu, yeye anazitoboa, anajaza oili, anachomelea, maisha yanaendelea. Nina laki nne kwa zote nne pamoja na ufundi, na barabara ya kwangu ni makorongo matupu. Mngekuwa nyie mngechukua zipi?

Fundi_Spana
Hiyo ya kutoboa achana nayo kabisa mkuu. Shokapu za hizi gari mara nyingi zina oili na gesi humo humo, akishatoboa tu gesi imekwenda, halafu anakujazia oili yoyote iliyopo gereji, ya injini au ya haidroliki, nzito kuliko inayotakiwa. Mwanzoni utaona gari imekaza utafurahi, ila sili iliyokuwa inavuja hakuna aliyeigusa, itavuja tena.

Na kabla hujatoa hela hakikisha ugonjwa wenyewe. Shokapu kuwa na unyevunyevu wenye vumbi kule juu sio ishu, ishu ni oili imechuruzika mpaka chini. Kama kinachokukera ni ule mlio wa kok kok ukipita vijimawe mwendo mdogo, hapo anza na stabilaiza linki (vile vijiti vinavyounga shokapu na ile fito ya kuzuia gari kulala kwenye kona) na mauntingi za juu (vile vishikizo vya mpira vinavyobeba kichwa cha shokapu), watu wanabadilisha shokapu zote nne na mlio unabaki pale pale.

mkazi_wa_Goba
Oili imeshuka mpaka chini kiongozi, upande wa dereva ndio balaa.

mama_IST
Mie nyuma nimefunga za mtumba na gari inatulia vizuri tu, ila nilichagua kweli kweli. Nilienda na kitambaa cheupe, kila shokapu napangusa ile fimbo yake inayong'aa, ikitoka na oili naiweka pembeni. Halafu pitisha ukucha juu ya fimbo taratibu, ukikwama kwenye mkwaruzo au kitundu cha kutu hiyo usichukue, hicho kikwaruzo ndio kitakula sili. Muuzaji alininunia kwelikweli, akawa ananiletea zilizopakwa rangi nyeusi mpya zinawaka, hizo ndio nilizikwepa kabisa, mtu anayeosha na petroli na kupaka rangi shokapu kuukuu anaficha nini?

Fundi_Spana
Uko sahihi dada. Niongeze: usiijaribu ikiwa imelala. Shokapu iliyokaa imelala hewa inaingia pasipotakiwa, kwa hiyo isimamishe wima, ibonyeze na kuivuta mara kadhaa mpaka mwisho, ndio sasa usikilize mkono. Inatakiwa ikaze mwanzo mpaka mwisho. Ukikuta sehemu mkono unazama bure, yaani hakuna upinzani, rudisha. Za gesi ukiachia fimbo inapanda yenyewe polepole, isipopanda gesi hamna.

Bwana_Hesabu
Mnasahau kitu kimoja, umri. IST za umbo hili Toyota alianza kuziuza 2002 akaacha 2007, kwa hiyo hiyo "mtumba safi wa Japani" kama ilitoka kwenye IST yenyewe basi ni ya zamani karibu sawa na hiyo unayoitoa, na hakuna anayejua imetembea kilomita ngapi. Sili na bushi ni mpira, mpira unazeeka hata gari ikilala. Mimi kwa mbele siweki mtumba hata kwa mkopo.

jamaa_wa_Roysambu
Nawasoma kutoka Nairobi. Huku tunaziita ex-Japan, Kirinyaga Road zimejaa tele. Kitu mimi hufanya, sinunui shock uchi, nachukua ile imekuja nzima na springi yake na mauntingi juu, imetolewa kwa gari hivyo hivyo. Mekanika anafungua bolti anaingiza basi, hakuna mambo ya kubana springi. Ni bei kidogo lakini leba inapungua.

Fundi_Spana
Sawa lakini hapo angalia springi imetoka gari gani. Ukifunga ya injini nyingine au ya 4WD (inayovuta matairi yote manne) unaweza kukuta gari imeinua pua au imelala upande mmoja. Na nyuma ya IST ya 4WD haiingiliani na ya kawaida, ukiona namba ya chasisi imeanza na NCP65 hiyo ni 4WD, yako ya 1300 itakuwa NCP60. Mbele pia kuna kushoto na kulia, tazama kibano cha bomba la breki kilipo, wauzaji wanachanganya.

dereva_wa_app
Za boksi nimezitumia kwenye gari la biashara. Sitaki kudanganya, kuna pea ilinivumilia na kuna nyingine ilianza kuvuja hata sijaizoea. Ni bahati nasibu. Na KYB feki zipo, boksi zuri haliendeshi gari, nunua duka linalokupa risiti na linalokubali kubadilisha.

mkazi_wa_Goba
Je nikichanganya, mbele KYB na nyuma mtumba? Hela ndio inafika hapo.

Fundi_Spana
Ndio ningekushauri hivyo hivyo. Mbele kazi ni kubwa, unabana springi, unalegeza bolti mbili za chini, lazima alaimenti (kunyoosha matairi) baadaye, sasa ukiweka mtumba ukafa haraka gharama hiyo yote unailipa tena. Nyuma springi imekaa peke yake, shokapu inachomoka kirahisi, ikikusumbua utaibadilisha bila kulia. Ila kila ekseli iwe pea.

Bwana_Hesabu
Hapo nakubali, kwa shingo upande.

mama_IST
Na bajetia mauntingi na zile raba za vumbi, usirudishe zilizochanika juu ya shokapu mpya.

mkazi_wa_Goba
Poa wakuu, Jumamosi naingia Gerezani na kitambaa changu. Kuna la kumwambia fundi?

Fundi_Spana
Mawili. Asishike fimbo na praizi wakati anakaza nati ya juu, akiikwaruza KYB yako imekuwa mtumba hapo hapo. Na bolti za chini za nyuma azikaze mwisho gari ikiwa imekanyaga chini, sio ikiwa inaning'inia kwenye jeki, bushi zinajipinda. Akikwambia anabana springi kwa waya au kamba, muulize kompresa ya springi, kile kifaa cha kuibania, iko wapi, na kama hana hamisha gari.